SENETA ALIYEWATETEA WATOTO WASIO NA KURA

Kabla sijakusimulia habari za bwana huyu, hebu nikurudishe nyuma kidogo mpaka ule mjadala wa chama chetu wa muhula wa kwanza. Hoja ilikuwa kwamba kiboko kirudishwe rasmi shuleni. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Mnakumbuka wenyewe jinsi tulivyobwagwa: kura 74 kwa 19! Na walioniumiza roho zaidi si walimu, bali ni wanafunzi wenzangu, wale wale ambao mikono yao ndiyo ingechapwa. Kila aliyesimama alileta ile methali ya mchelea mwana kulia, ukumbi ukapiga makofi, basi, mambo yakaisha.

Mwalimu mlezi wa chama aliniona nimenuna. Akaniambia niache kununa, niende nikasome habari za mtu aliyewahi kupeleka hoja kama yangu bungeni kwao, akashindwa, na bado hakukoma. Akaniandikia jina kwenye kipande cha karatasi: Owen Sheehy-Skeffington, seneta wa Ayalandi. Jina lenyewe nusura linivunje ulimi. Lakini nimesoma, nimeuliza, na sasa namjua karibu kama jirani yangu. Karibu nawe umjue.

WAZAZI WAKE

Owen alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, tarehe 19 Mei 1909. Wakati huo Ayalandi nzima ilikuwa chini ya Uingereza, mkoloni yule yule aliyekuwa akitutawala sisi huku. Babake aliitwa Francis Skeffington na mamake Hanna Sheehy. Walipooana mwaka 1903 waliamua kwamba hakuna wa kumeza jina la mwenzake, wakayaunganisha yote mawili. Ndiyo maana jina la mwana wao ni refu kama reli.

Wazazi hawa hawakuwa watu wa kawaida. Francis alikuwa mwandishi wa magazeti. Hakula nyama, hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na alipinga vita vya kila aina. Alitembea mjini akiwa amebandika kifuani beji ya kudai wanawake wapewe kura, na watu walimcheka, lakini wapi! Hakuitoa. Mwaka 1904 aliacha kazi nzuri ya usajili katika chuo kikuu kwa sababu wakuu wake hawakupenda akiwatetea wanawake waliotaka kusoma hapo.

Hanna naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1908 alisaidia kuanzisha chama cha kuwapigania wanawake wa Ayalandi wapate kura. Mwaka 1912 yeye na wenzake walivunja vioo vya madirisha ya ofisi za serikali ili wasikilizwe, akafungwa jela, na kazi ya ualimu ikamponyoka. Owen alikuwa na miaka mitatu. Huyu basi ni mtoto ambaye alijua maana ya jela kabla hajajua kuandika jina lake.

KIFO CHA BABAKE

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, Waayalandi waliotaka uhuru walichukua silaha, wakateka majengo makubwa ya Dublin. Jeshi la Uingereza likaja kuwazima. Francis alitaka nchi yake iwe huru, lakini bunduki hakuiamini. Alichofanya yeye ni kuzunguka mjini akiwasihi watu wasipore maduka. Jioni ya tarehe 25, akirudi nyumbani kwa miguu, wanajeshi wakamkamata. Hakuwa na silaha wala kosa.

Usiku ule afisa mmoja, Kapteni Bowen-Colthurst, alimtoa mahabusu akamtembeza barabarani kama mateka. Asubuhi ya tarehe 26 afisa huyo huyo akatoa amri, Francis akapigwa risasi katika ua wa kambi ya Portobello pamoja na waandishi wengine wawili. Hakukuwa na kesi wala hakimu. Hanna hakuambiwa neno. Alizunguka akimtafuta mumewe mpaka Ijumaa ndipo akapata habari. Jioni ya Ijumaa hiyo, badala ya kuletewa pole, aliletewa wanajeshi. Waliivamia nyumba na silaha zao, wakapekua kila kitu wakitafuta ushahidi wa kumtia marehemu hatiani. Owen alikuwa mle ndani na mamake. Alikuwa amebakisha wiki tatu tu atimize miaka saba.

Kambini wakuu walijaribu kuifunika habari hiyo. Aliyeifichua ni afisa wa jeshi hilo hilo la Uingereza, Meja Francis Vane, ambaye alienda mpaka London kutoa taarifa. Malipo yake? Alifukuzwa jeshini. Bowen-Colthurst alishtakiwa mwezi Juni katika mahakama ya kijeshi, ikaamuliwa kwamba ana hatia lakini alikuwa na wazimu. Hata miaka miwili haikuisha akaachiliwa, akahamia Kanada, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1965.

Serikali ilimtaka Hanna apokee pauni 10,000 za fidia. Wakati huo hizo zilikuwa pesa za kujenga ukoo! Mjane huyo alikataa. Alitaka uchunguzi wa hadharani, si hela za kumfunga mdomo. Uchunguzi ulifanyika Agosti 1916. Desemba akampeleka mwanawe Marekani, akasafiri kwa jina la bandia kwa sababu Waingereza walimnyima pasipoti. Huko alihutubia watu mji hata mji kuhusu yaliyompata mumewe, na Januari 1918 aliingia hadi ofisini kwa Rais Woodrow Wilson.

Mimi nafikiri yote aliyokuja kuyafanya Owen bungeni yana mizizi hapa. Akiwa na miaka sita alikwisha kuona kwamba mwenye mamlaka anaweza kumuumiza asiye na kitu mkononi, na wenzake wakamfunikia. Aliona pia kwamba mtu mmoja akikataa kunyamaza, jambo halifunikiki kabisa.

MASOMO, NDOA NA KAZI

Owen hakubatizwa, kwani wazazi wake waliona kuwa dini ni jambo mtu anajichagulia mwenyewe akishakua. Katika nchi iliyojaa Wakatoliki, hilo lilikuwa jambo zito. Mamake alimpeleka Sandford Park, shule ya Dublin isiyokuwa chini ya kanisa lolote. Kutoka hapo akaingia Trinity College, chuo kikuu kikongwe cha Dublin kilichoanzishwa mwaka 1592. Alisoma lugha, hasa Kifaransa, akaishi Paris kwa muda, na mwaka 1935 akaoa Mfaransa aliyeitwa Andrée. Halafu akarudi Trinity kuwa mhadhiri wa Kifaransa, kazi aliyoifanya mpaka mwisho wa maisha yake.

Mambo hayakuwa mteremko. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alipatwa na kifua kikuu, na siku hizo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo. Ilibidi akatibiwe Davos, huko milimani Uswisi, ambako wagonjwa walilazwa wapate hewa safi. Mungu akamjalia, akapona. Alikuwa pia mwanachama wa Chama cha Leba, lakini mwaka 1943 walimfukuza baada ya kuhitilafiana na wakuu wa chama. Tangu hapo alibaki kuwa mtu wa kujitegemea, asiyeagizwa na kiongozi wa chama aseme nini na anyamaze lini.

KUINGIA SENETI

Sisi Wakenya, Seneti tunaijua. Kila kaunti kati ya zile 47 humchagua seneta wake. Ayalandi ni tofauti kidogo. Seneti yao ina watu 60. Kati ya hao, 11 huteuliwa na waziri mkuu na 43 huchaguliwa na madiwani na wabunge. Enzi za Owen viti 6 vilivyobaki vilikuwa vya vyuo vikuu, na waliopiga kura ni wahitimu wake. Mwaka 1954 wahitimu wa Trinity walimpa Owen kimoja cha viti vyao 3.

Usifikiri kwamba kiti hicho kilimpa nguvu nyingi. Seneti ile ni kama shangazi katika arusi: hushauri, huonya, lakini mahari haamui yeye. Inaweza kuuchelewesha mswada kwa siku 90 tu, na ule wa fedha haiwezi kuukataa. Tena Owen hakuwa na chama cha kumpigia kura. Alikuwa na kitu kimoja, yaani haki ya kusimama na kuuliza, na waziri akalazimika kumjibu mbele ya watu, na majibu yakaandikwa.

Alisimama kwa mambo mengi. Alipinga serikali kuwapiga marufuku waandishi, maana siku hizo vitabu vingi vya waandishi wakubwa, hata wa Ayalandi wenyewe, vilikuwa haviruhusiwi nchini humo. Alitetea haki ya watu wachache kuwa na mawazo tofauti na ya wengi. Lakini jambo ambalo watu wanamkumbukia zaidi ni kiboko.

KANUNI NZURI, MATENDO MABAYA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoacha kununa. Nilidhani kwamba Ayalandi walimu walichapa kwa sababu hapakuwa na kanuni. Kumbe kanuni zilikuwepo! Kanuni za Wizara ya Elimu za mwaka 1946 zilisema mwanafunzi achapwe kwa kosa kubwa tu. Zilisema asichapwe hata kidogo kwa sababu ya kushindwa na masomo. Zilisema apigwe kiganjani na kifimbo chepesi, na zilikataza kuzabwa makofi ya masikio na kuvutwa nywele.

Ni kanuni nzuri ukizisoma. Darasani, katika shule nyingi, ilikuwa hadithi nyingine. Watoto walichapwa kwa tahajia, kwa hesabu, kwa kuchelewa. Mkanda wa ngozi ulitumika. Katikati ya miaka ya 1950 wazazi kadhaa wa Dublin walijiunga wakaunda chama cha kuwalinda watoto wa shule, wakachapisha barua za wazazi waliosimulia yaliyowapata watoto wao. Owen akalichukua jambo lao akalipeleka Senetini. Hoja yake kubwa haikuwa kwamba walimu wote ni wabaya. Alikuwa mwalimu yeye mwenyewe. Alichosema ni kwamba kanuni zinavunjwa kila siku, wizara inajua, na haifanyi lolote.

Alieleza pia kwa nini wazazi hawalalamiki. Shule nyingi za msingi zilisimamiwa na kanisa, na meneja wa shule alikuwa kasisi wa parokia. Mzazi maskini akimshtaki mwalimu, atamshtakia nani? Kwa kasisi yule yule aliyemwajiri mwalimu. Na kesho mtoto atarudi darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule. Basi wazazi walimeza machungu, wakasema yatakwisha.

Mwaka 1955 Owen alileta hoja kwamba angalau wasichana wa shule za msingi wasichapwe tena. Nadhani alianzia kwa wasichana kwa sababu alijua kwamba mlima hupandwa kidogo kidogo. Lakini hata hatua hiyo ndogo ilikataliwa. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Richard Mulcahy, aliyewahi kuwa jenerali, alisimama na walimu na kanuni zilivyokuwa. Maseneta wengine nao walimshangaa. Wengi wao walikuwa wamechapwa utotoni, wakakua, wakawa watu wazima wenye suti na vyeo. Wakaona kama kiboko ndicho kilichowafikisha hapo. Je, hukumbuki ukumbi wetu muhula wa kwanza?

Nje ya bunge alisemwa sana. Mtu asiyebatizwa, wa chuo cha Waprotestanti, mwenye mke Mfaransa, atawafundisha nini Waayalandi kuhusu kulea watoto? Yeye hakutukana mtu. Aliandika barua magazetini, alijibu barua alizoandikiwa, alikwenda kwenye midahalo ya vyuo. Na alipopata nafasi Senetini, alisimama tena.

KUSHINDWA, KURUDI NA KUFARIKI

Mwaka 1961 wahitimu hawakumrudisha, akapoteza kiti chake. Mtu mwingine angesema imetosha. Yeye aliendelea kufundisha, na mwaka 1965 akagombea tena, akashinda. Alikuwemo bungeni mwaka 1967 sheria ya vitabu ilipolegezwa, vitabu vingi vilivyokuwa vimefungiwa vikawa huru. Hilo angalau aliliona kwa macho yake.

La viboko hakuliona. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 Juni 1970, akiwa na umri wa miaka 61, bado seneta, bado mwalimu. Siku alipozikwa, mkanda wa ngozi ulikuwa bado mezani mwa walimu wa nchi yake.

YALIYOFUATA

Miaka 12 baadaye, tarehe 1 Februari 1982, Waziri wa Elimu John Boland alipiga kiboko marufuku katika shule za Ayalandi. Mwaka 1997 sheria ikaondoa kinga ya mwalimu, yaani mwalimu akimpiga mwanafunzi anaweza kushtakiwa kama mtu mwingine yeyote. Kisha ukweli mwingine ukatoka. Mwaka 1999 waziri mkuu wa Ayalandi aliomba msamaha kwa niaba ya taifa kwa watoto walioteswa katika shule za bweni zilizosimamiwa na makanisa. Mwaka 2009 tume ya uchunguzi ikatoa ripoti nzito ikionyesha kwamba katika nyingi ya shule hizo kipigo kilikuwa desturi, na kwamba wizara ilikuwa na habari. Watu wakauliza ilikuwaje hakuna aliyesema. Lakini wapo waliosema. Mmoja alisema Senetini, na maneno yake yako kwenye kumbukumbu za bunge mpaka leo.

SISI JE?

Hapa kwetu Kenya kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikasisitiza. Tunayo kanuni, na ni nzuri kuliko ile ya Ayalandi ya 1946. Nami niko kidato cha tatu, yaani nilizaliwa kiboko kikiwa tayari kimekatazwa. Lakini nikiwa darasa la sita, katika shule moja ambayo siitaji, nilikosa hesabu 12, nikachapwa viboko 12. Nilipofika nyumbani niliosha vyombo kwa mkono wa kushoto ili mama asiuone wa kulia. Sikumwogopa mwalimu kumshtaki tu. Nilimwogopa mama angesema nilistahili. Na hesabu zile 12? Sikuzijua siku ile, wala kesho yake. Nilizijua mwaka uliofuata, mwalimu mwingine alipokaa nami wakati wa mapumziko akanionyesha nilipokosea.

Sikulisema hilo kwenye mjadala. Niliona haya. Nilitoa hoja za vitabuni, na nadhani ndiyo maana tulishindwa.

Najua walimu wetu wana madarasa makubwa na kazi nyingi, na wapo wanafunzi watundu ajabu. Owen naye aliyajua hayo. Alichokataa ni kitu kimoja: kuwa na kanuni ukutani na mambo mengine darasani, na watu wazima wote wakijifanya hawaoni. Watoto hawana kura, kwa hivyo hawana seneta. Yeye aliamua kuwa wao, ingawa hawakuweza kumchagua.

Ndugu msomaji, maisha ya bwana huyu yamenifunza kwamba kushindwa kwa kura si sawa na kukosea. Nimekwisha kumwomba mwalimu mlezi ile hoja irudishwe muhula ujao, na amekubali. Wale 74, jiandaeni. Safari hii nitasimama na mkono wangu wa kulia.